Watu Wanaomjua Merle Dierks

Wakili Rosalyn Teague hakuwa na kawaida ya kurudia maneno, lakini siku ile alirudia mpaka mwenyewe akachoka: kesi hii isifunguliwe nyumbani. Sheria ya jimbo ilimpa Merle Dierks nafasi ya kuchagua. Angeweza kushtaki kwenye kaunti alikoumia, ambako ndiko alikozaliwa na kuoa, au angeweza kushtaki huku mjini, kando ya mto Mississippi, ambako kampuni ya maghala ya nafaka aliyokuwa anaidai ilikuwa na ofisi yake kubwa. Mahakama zote mbili zingempokea. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kidole tu.

"Cha kushoto, basi," alisema Merle, maana mkono wa kulia haukuwapo tena. Wakili hakujua acheke au ainamishe macho, mwishowe akainamisha macho.

Merle alikuwa mkulima wa mahindi na soya, mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkimya mpaka achokozwe. Mkewe, Lavonne, alikaa pembeni yake akiwa na mkoba magotini, akisikiliza kwa bidii ya mtu anayejua kwamba mwenzake hasikilizi. Wakili alieleza kwamba kesi ya namna hii haiamuliwi na hakimu. Inaamuliwa na raia kumi na wawili wa pale pale mahakama ilipo, watu wa kawaida wanaookotwa kwenye orodha ya wapiga kura na kukalishwa kwenye viti vya jopo. Kwa hiyo kuchagua mahakama ni kuchagua majirani. Mjini wangekaa madereva wa mabasi, wauguzi, wapishi wa shule, watu wasiolijua ghala la nafaka wala wasio na haja nalo. Wangeutazama mkono usiokuwapo, wangesikia kampuni ilifanya nini, na wangeamua.

"Nyumbani wananijua," alisema Merle.

"Hilo ndilo linaloniogopesha, Bwana Dierks. Wanaokupenda hawatakaa kwenye viti vile. Watakaokaa ni wakulima waliowahi kusimama pale pale uliposimama wewe. Kila mmoja wao anapata usingizi kwa kujiambia kwamba yeye ni mwangalifu. Ukimwambia kosa halikuwa lako, unamwambia kwamba hata yeye angeweza kukatika mkono. Nani anataka kuambiwa hivyo?"

Lavonne aliitikia kwa kichwa. Merle alitazama nje, kwenye maegesho ya magari yaliyojaa theluji chafu, akimwona wakili kuwa mtu mwerevu asiyejua chochote kuhusu Orrin, mji mdogo wa kwao.

Maana yeye alikuwa anaikumbuka ile Oktoba. Ghala la Orrin ni minara ya saruji inayoonekana kutoka kila shamba la kaunti ile, na wakati wa mavuno malori hupanga foleni mpaka barabara kuu. Kila lori linamwaga mahindi kwenye shimo la sakafuni. Juu ya shimo kuna wavu mzito wa chuma, na chini yake inazunguka parafujo kubwa inayosukuma mahindi kwenda minarani. Siku ile mahindi yalikuwa mabichi, yanagandamana, foleni haisogei na watu wamekasirika. Vijana wa kampuni wakanyanyua kipande cha wavu ili mahindi yashuke haraka. Hawakukirudisha. Zamu ya Merle ilipofika, alishuka na mti wake kuyachokoa yaliyokwama, kama anavyoshuka kila mkulima mwenye lori. Kisigino kikateleza, mkono wa kulia ukaingia kwenye parafujo.

Habari yenyewe ndiyo hiyo. Alipozinduka hospitalini, neno la kwanza alilomuuliza mkewe lilikuwa kuhusu mahindi yaliyobaki shambani.

Hakuwa na haja ya kuuliza. Jumamosi iliyofuata, Hollis Brandt, jirani wa ng'ambo ya barabara na rafiki yake tangu wakiwa na kaptula, alipiga simu huku na huku, na mashine za kuvunia zikaingia kwenye shamba la Dierks kutoka pande zote mbili. Wenye mashine hizo walikuwa na mahindi yao wenyewe yaliyosimama yakingoja, na anga lilikuwa linatishia mvua. Walivuna ya Merle kwanza. Wanawake walijaza meza za ukumbi wa kanisa kwa vyakula, na kwa wiki nyingi baadaye mabakuli ya kuokea yaliendelea kufika barazani kwa Lavonne, kila moja limebandikwa chini utepe wenye jina la mwenyewe ili lirudi kwake. Hakuna aliyetaka shukrani. Huko kwao ukimshukuru mtu sana anaona haya, anakumbuka ghafla kwamba ana ng'ombe wa kulisha.

Watu wa namna hiyo, alijiuliza Merle, ndio wa kukimbiwa?

Halafu lilikuwapo neno lililokuwa linamuunguza. Kampuni ilikuwa imejibu madai yake kwa kusema kwamba mtu makini angeona wavu haupo na kukaa mbali. Na meneja fulani, sijui kwa kulipwa au kwa ulimi wake tu, aliacha itoke kwamba Dierks alikuwa na haraka siku ile, labda alikuwa amepitia bia mbili tatu njiani. Merle hakuwa ameonja bia tangu walipomzika baba yake. Fidia aliihitaji, nani asingeihitaji na shamba limemshinda kwa mkono mmoja. Lakini alichokuwa anakitaka hasa, kinachomwamsha kabla ya jogoo, ni kuwasikia watu wa Orrin wakisema kwa sauti, mbele ya hakimu, kwamba Merle Dierks hakuwa mzembe. Yakisemwa hayo mjini, nani wa Orrin atasikia?

Njiani kurudi aliendesha mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Walipoacha barabara kuu na kuingia za kwao, magari waliyopishana nayo yalianza kuwasalimu kama ilivyo desturi: dereva haachi usukani, ananyanyua kidole kimoja tu, imetosha. Merle alimnyanyulia kidole kila mmoja.

"Tufungue mjini, Merle," alisema Lavonne.

"Mjini hawanijui."

"Ndiyo raha yake. Hatutakutana nao dukani."

Lavonne alikuwa mzaliwa wa kaunti ya tatu kutoka pale, ameishi Orrin miaka thelathini na zaidi, na bado wapo wazee waliomwita yule mke wa Merle aliyetoka huko. Labda ndiyo maana aliona lile ambalo mumewe hakuliona. Ila alikuwa amekwisha kuzoea kwamba kuhusu Orrin neno lake lilikuwa na uzito mdogo, akageukia dirisha.

Lililomaliza shauri ni kahawa. Kila asubuhi wakulima wa Orrin hukaa kwenye meza moja ndefu nyuma ya kituo cha mafuta, wanakunywa kahawa mbaya na kuitukana kila siku. Merle alipokaa, Duane Rusk, fundi wa matrekta, alimtania kwamba mkono umepungua lakini kikombe bado anakijaza mpaka kumwagika. Walicheka, na Merle akacheka kuliko wote, maana tangu aumie wengi walikuwa wanamwongelesha kama maiti. Akawaambia habari ya wakili na mahakama mbili.

Mzee mmoja wa mwisho wa meza alisema kana kwamba anasema na kahawa yake kwamba kampuni ikibanwa sana inaweza kulifunga ghala la Orrin, na kutoka hapo mpaka ghala jingine ni mwendo wa kuulia lori. Hakuna aliyemjibu, na hakuna aliyembishia pia. Merle alikisikia kimya kile akakiacha kipite.

Kisha Hollis alizungumza. Hollis Brandt alikuwa mtu wa maneno machache, na sifa yake katika kaunti ilikuwa moja: hasemi uongo, hata wa kuuzia ng'ombe. Ukitaka kujua trekta lake bovu lina ubovu gani, muulize yeye mwenyewe, atakutajia na ule usiouona.

"Ukienda kushtaki mjini, watu wataona umetukimbia," alisema. "Lete hapa hapa, ndugu yangu. Hapa nani atakusema vibaya?"

Siku hiyo hiyo Merle alimpigia wakili. Rosalyn Teague alisema sawa, kesi ni ya mwenye mkono, naye atapigana pale atakapowekwa. Sauti yake haikuwa na kinyongo. Lavonne, aliyekuwa anaosha vyombo, alifunga bomba ili asikie, alipokwisha kusikia akalifungua tena.

Kesi haziivi haraka. Yalipita mavuno mawili Merle akikodisha sehemu kubwa ya shamba na kulima kipande alichokiweza, na ilikuwa majira ya kuchipua, udongo umelowa na mbegu bado kwenye magunia, walipoitwa kwenda kuchagua jopo. Usiku wa kuamkia siku hiyo Lavonne alivunja desturi yake ya kunyamaza. Alisema kwamba Hollis ameitwa, jina lake limo kwenye orodha, na kwamba haingeua mtu kama Merle angevuka barabara na kumwomba jambo dogo: akiulizwa kama anaweza kuwa wa haki, aseme anaweza.

"Hilo ni kosa la kisheria," alisema Merle.

"Basi usimwombe. Mkumbushe tu kwamba wewe ni rafiki yake."

"Hollis hasemi uongo, Lavonne. Ndiyo sababu namtaka kwenye kile kiti."

Lavonne alimtazama, na katika ndoa yao yote hakuwahi kumwonea huruma kama alivyomwonea pale. Akazima taa ya jikoni.

Asubuhi mahakama ilikuwa imejaa. Ni jengo la zamani katikati ya uwanja wa mji, sakafu inalia, na kwenye mabenchi walikaa watu ambao Merle angeweza kuwataja majina, majina ya mbwa wao na makanisa yao. Moyo wake ulichangamka. Alimgusa mkewe kwa kiwiko akamwambia atazame. Kweli ilikuwa kama harusi: watu walimnyanyulia kidevu, mwingine alimkonyeza. Wakili Teague aligeuka nyuma, akaona namna wanavyomtazama, na uso wake ukajikunja.

Hakimu alikuwa mwanamke mtulivu mwenye miwani, mwenyeji wa kaunti jirani. Aliwaapisha, akaanza kuwaita mmoja mmoja na kuwauliza swali lile lile: je, kuna lolote kati yako na wahusika litakalokuzuia kusikiliza pande zote mbili sawasawa?

Wa kwanza alikuwa Wilma Kruse, mwalimu wa watoto kanisani, ambaye tambi zake za kuku zilikuwa za kwanza kufika barazani kwa Lavonne. Alisimama, akanyoosha sketi yake.

"Mheshimiwa, mimi Merle nampenda. Siwezi kuja hapa nikajifanya simpendi."

Watu walicheka taratibu, hata hakimu alitabasamu. Alimshukuru kwa kusema kweli, akamruhusu aende nyumbani. Wilma alipopita alimgusa Merle begani. Ilikuwa kumgusa kwa upendo, na Merle alitabasamu, bado hajaelewa.

Duane Rusk aliitwa. Alisema aliendesha moja ya zile mashine zilizomvunia Merle mahindi, kama hilo linahesabika. Wakili wa kampuni, mwanaume mpole mwenye sauti ya daktari wa watoto, alisimama akasema kwa heshima kwamba linahesabika. Duane akaruhusiwa. Akafuata aliyeongoza maombi hospitalini. Akafuata aliyepika. Akafuata aliyesoma na Merle darasa moja. Kila mmoja alisimama wima, akajibu kama alivyolelewa kujibu mtu akiwa ameapa, na kila mmoja aliondoka akiwa ameridhika na nafsi yake, akiamini amemtolea ushuhuda rafiki yake mbele ya wote. Nje kwenye korido walisikika wakiongea na kunywa kahawa.

Merle aliacha kutabasamu. Alianza kuwahesabu wale waliokuwa wamebaki kwenye mabenchi, na akagundua kwamba alikuwa anawajua kwa majina tu.

"Hollis Brandt," aliita karani.

Hollis alisimama na kofia mikononi. Hakimu alimuuliza. Hollis akasema Merle ni rafiki yake tangu utotoni. Hakimu akasema kwamba katika kaunti ndogo urafiki peke yake haumfungi mtu, wengine huuweka pembeni wakasikiliza ushahidi tu. Je, yeye anaweza?

Ulikuwa mlango, na hakimu alikuwa ameufungua wazi. Hollis aliizungusha kofia mikononi. Alimtazama Merle, na Merle akamtazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Merle Dierks alimwomba mtu aseme uongo. Alimwomba kwa macho, kwa nguvu zake zote, mbele ya kila mtu.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Hollis. "Nikisema naweza, nitakuwa naongopa."

Akatoka. Mlango mzito ulijifunga nyuma yake kwa upole.

Waliobaki ni wale waliosema wanaweza. Glenda Pohl, ambaye mumewe alikuwa anakodiwa na kampuni kubeba nafaka, alisema mume wake ni mume wake na yeye ni yeye. Teague alimkataa, lakini wakili huruhusiwa kukataa bila sababu watu wachache tu, na alipokwisha kumkataa Glenda na wengine wa namna yake, hakuwa na nafasi tena. Akaja Norbert Stille, mkulima wa kaskazini mwa kaunti, mtu anayesafisha matrekta yake mpaka chini ya tumbo, ambaye banda lake lina alama ya kila chombo mahali pa kutundikwa. Alisema hana urafiki na Merle wala ugomvi. Alisema atasikiliza. Na mimi sisemi kwamba aliongopa. Alisikiliza kesi yote bila kugeuza kichwa.

Teague aliifanya kazi yake vizuri. Kijana wa kampuni alikiri kwamba wavu ulitolewa na haukurudishwa, na lile neno la bia lilipotajwa, daktari alilifuta kwa karatasi moja ya vipimo. Kwa saa kadhaa Merle alianza tena kupumua. Kisha ikawa zamu yake kukaa kizimbani, na yule wakili mpole wa kampuni alimwendea polepole, akamwita mkulima mwema, akampa pole kwa yaliyomkuta.

"Bwana Dierks, uliona kwamba wavu haupo?"

"Niliona."

"Ukasogea?"

"Kila mtu alikuwa anasogea. Ndivyo tunavyofanya."

Alipolisema hilo aliwageukia wale kumi na wawili, maana wao ndio waliokuwa wanajua. Wengi wao aliwahi kuwaona kwenye foleni ile, na mti mkononi, wakichokoa. Alingoja kuona hata kope moja ikikubali. Norbert Stille alikunja mikono yake miwili kifuani akaegemea kiti. Wengine walitazama magoti yao. Pale pale Merle alielewa kitu alichoambiwa mjini akiwa anatazama theluji chafu, akaelewa kwamba amekielewa akiwa amekwisha kuchelewa.

Jopo lilirudi baada ya chakula cha mchana. Sheria ya kwao ni kwamba aliyeumia akiwa na kosa zaidi ya nusu hapati kitu. Norbert Stille, waliyemchagua kuwasemea, alisoma bila kunyanyua uso: kampuni ilikosea, ndiyo, lakini kosa kubwa lilikuwa la Dierks mwenyewe, kwa kukosa uangalifu unaotegemewa kwa mkulima mzoefu. Maneno hayo yalisomwa kwa sauti, mbele ya hakimu, na watu wa Orrin. Lavonne, aliyekuwa amekaa upande wake wa kulia, alinyoosha mkono kumshika, akashika mkono mtupu wa koti, akaendelea kuushika.

Nje kwenye ngazi Rosalyn Teague hakusema nilikwambia. Merle angependa aseme. Alimuuliza wale wa mjini wangeamua nini.

"Hakuna anayejua," alisema wakili, lakini alilisema akiwa anatafuta funguo za gari ndani ya mkoba, na alizitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Walipeana mikono ya kushoto wakaagana.

Siku chache baadaye mabakuli yalianza kufika tena barazani. Tambi za Wilma. Viazi vya jibini vya mke wa Duane. Lavonne aliyapokea, akashukuru kidogo kama inavyotakiwa, akayapanga jikoni. Alipogeuza moja kutazama lirudi kwa nani, utepe ulisema Stille. Alikaa kitini. Huyo mama hakuwa na ubaya, aliona familia imepatwa na msiba akapika, kama wanavyofanya wote, na pengine hakuona kwamba msiba wenyewe ulisomwa na mumewe. Lavonne alimwaga chakula chote nyuma ya banda, kisha akaliosha bakuli likang'aa, akalirudisha. Merle hakumuuliza alikokwenda.

Oktoba ilipofika, Merle alipeleka mahindi yake machache Orrin. Hakukuwa na pengine pa kuyapeleka. Lavonne alikuwa kitini pembeni yake. Foleni ilikuwa ndefu, na wa mbele alipoona ni lori la Dierks alisogea kando akamwashiria apite. Na wa mbele yake vile vile. Na mwingine. Walimpisha wote, madereva wa malori ya watu waliokaa kwenye viti vile na wa watu waliotolewa, mpaka akafika shimoni bila kungoja. Juu ya shimo kulikuwa na wavu mpya, umekazwa kwa boliti kila pembe, na ubao mwekundu ukutani ukiwakataza watu wasishuke kwenye malori. Merle alikaa ndani ya lori akausoma ubao wakati mahindi yake yakimwagika.

Hollis aliliacha lori lake nyuma kwenye foleni akaja kwa miguu. Tangu kesi alikuwa anakuja nyumbani, anakaa barazani, anaongea habari za mvua. Leo alisimama chini ya dirisha, kofia mkononi kama siku ile.

"Nimekuwa nataka nikwambie," alisema. "Wamekuonea. Wewe hukuwa na kosa, Merle. Mimi nilisimama kwenye foleni ile ile mwaka ule, najua jinsi ilivyokuwa. Ningekuwa ndani ya chumba kile ningewaambia mpaka waelewe. Mtu angeniuliza tu, ningesema."

Merle alimtazama rafiki yake, uso uliochomwa na jua, macho yasiyojua kudanganya. Hakuwa na hasira naye. Angependa kuwa nayo, hasira ingekuwa mahali pa kushika.

"Uliulizwa, Hollis."

Nyuma mtu alipiga honi kidogo kisha akaacha, labda alikumbuka ni lori la nani.

"Nilikuwa nimeapa," alisema Hollis mwishowe.

"Najua."

Hollis alivaa kofia, akarudi kwenye lori lake polepole. Merle akapewa karatasi ya mzigo wake, akawasha injini, akatoka upande wa pili wa ghala kuelekea nyumbani. Malori yanayokuja yalikuwa mengi. Kila dereva alinyanyua kidole juu ya usukani alipowapita, akina Rusk, akina Kruse, akina Stille, wote kwa namna moja. Mkono wa Merle ulibaki umeushika usukani. Lavonne alitazama mkono ule kwa kitambo, kisha akanyanyua wake, akaanza kuwaitikia watu yeye.